Kipande cha Kuonja

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Chumvi alichoma nyama ya nguruwe kwenye baa moja, na sahani yake haikurudishwa hata siku moja. Nyama ikiwa bado inatoa damu, alikata kipande, akakitafuna, akajua chumvi imefika wapi. Iliyobaki ilirudi motoni hadi iive barabara.

"Chumvi haionwi kwa macho," aliwaambia waliomcheka.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kwa kuwa mikono yake haikutoka kwenye kitambaa, mkewe alimmenyea papai na kumtia mdomoni kipande kimoja kimoja. Majirani walisema wale ni chanda na pete, na hawakukosea.

Siku moja mume akaangukia cherehani, povu mdomoni. Akaanguka tena wiki iliyofuata. Hospitalini wakampiga picha ya kichwa, na daktari akawaonyesha vidoa ndani ya ubongo. Ni tegu, alisema. Anayekula nyama mbichi hufuga mnyoo tumboni, pengine bila kuumwa. Mayai yake hutoka na choo, hujificha kwenye kucha, na mwingine akiyameza, yanaweza kufika kichwani.

"Nani anaandaa chakula nyumbani?"

"Mimi," mume akawahi kujibu, mtu ambaye hajachemsha hata maji ya kuoga.

"Muongo huyo, daktari," Mama Chumvi alisema. "Ni mimi. Na nyama mbichi nakula mimi."

Alipewa kikopo cha choo, kisha dawa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu hakuona kitu. Alingoja machozi, hayakuja.

Mnyoo ukatoka. Daktari akampima tena, akasema sasa hawezi kumwambukiza mtu. Alirudi kazini, akachoma bila kuonja. Sahani mbili zikarudishwa.

"Mama Chumvi, leo vipi?"

"Leo hivyo hivyo."

Mume alikuwa bado anameza dawa, kakatazwa cherehani mpaka kuanguka kukome. Alasiri hiyo mkewe alimkuta kaketi mbele ya papai.

"Mama, njaa inaniua," akatania, akafumbua mdomo kama zamani.

Mama Chumvi alinawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena. Akachukua kisu, akampa.

"Menya mwenyewe, baba."

"Si wamesema umepona?"

"Wamesema."

Mume akamenya vibaya, nusu ya tunda ikaenda na ganda. Kipande cha kwanza akamtia mkewe mdomoni. Mama Chumvi alikitafuna taratibu, akaitafuta ladha yake, hakuipata.