Tenki la Choo la Baba Mkwe

Nyumba ya serikali tuliyopewa pale Same ilikuwa na choo cha kukaa, lakini tenki lake halikuwahi kufanya kazi tangu tuhamie. Miaka ile ya shida hata sabuni tuliitafuta kama dawa. Nani angekuuzia mashine ya ndani ya tenki la choo? Tulimwaga ndoo. Kwa kopo haikwenda, lazima ndoo nzima kwa mkupuo mmoja. Tulizoea.

Kisha baba mkwe akafanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kwao ni Vudee, juu mlimani, na daktari alisema asipande kwanza, asiinue kitu kizito, na anywe maji mengi kweli kweli. Akaletwa kwetu. Nilifurahi, kwa sababu ndugu wa mume wangu waliposema mwanamke wa Tabora hataweza milima yao, mzee huyu ndiye aliyewanyamazisha.

Siku ya tatu nikaona vikombe vya maji nilivyompa vimejaa vilevile dirishani. Chai alikuwa akionja tu. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Nikajiambia mzee anayadharau maji yetu ya chumvi kwa kuwa amezoea ya mlimani. Mume wangu aliporudi kazini jioni nikammwagia yote yaliyonijaa moyoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia. Baba yake hanywi mchana kwa sababu akienda chooni, mbeba ndoo ni mimi. Kwa Mpare wa umri wake, mke wa mwanawe kumsafishia choo ni aibu isiyosemeka. Anavumilia na kiu yake mpaka mwanawe arudi. Na siku hiyo mkojo ulikuwa umeanza kutoka na damu.

Nililia. Nilijikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Bahati nzuri ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeanza. Duka la vifaa barabarani, ambalo zamani lilikuwa na misumari na mwenye duka tu, sasa lilijaa maboksi ya kila nchi. Kesho yake asubuhi nilitoka na mashine nzima ya tenki, ya plastiki nyeupe, nimeikumbatia kama mtoto. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi bomba mmoja mzee, Mha aliyekuja zamani kukata mkonge, akaishia kushika mabomba ya shamba. Nilimweleza kila kitu bila kuficha. Akachukua mfuko wake wa spana, akanifuata.

Alifunga maji kwenye mita, akang'oa vyuma vilivyoshikana kwa kutu, akatoa boya la shaba lililojaa maji tumboni. Mashine za plastiki hakuwahi kuzifunga, kwa hiyo tuliinamia pamoja michoro ya kwenye boksi. Mara ya kwanza tenki lilivuja chini. Akafungua, akaupangusa mpira, akakaza upya kwa mkono mtupu. Alisema plastiki haitaki ubabe. Safari hii tenki likajaa, boya likapanda, maji yakakata yenyewe. Nilitaka kumwita mzee nimwonyeshe.

“Mama, wewe nenda jikoni,” fundi akasema. “Hili ni la mzee kwa mzee.”

Namshukuru mpaka leo kwa kunifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mimi ningeharibu kwa furaha. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, kisha fundi akaaga na kuondoka.

Nikaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Baada ya muda nikasikia maji yakishuka kwa kishindo, halafu mlango ukifunguliwa. Baba mkwe akaja taratibu mpaka kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuwahi kufika.

“Mama,” akasema, “naomba maji ya kunywa.”

Nikampa kikombe kwa mikono miwili. Alikinywa chote palepale, amesimama, akanirudishia.

“Ongeza.”