Simu Mbili Juu ya Meza

Athanasie, anayepeleka chai kwenye ofisi za ghorofa ya tatu pale mtaa wa Remera, kila siku humkuta fundi mmoja wa programu za kompyuta na simu mbili mezani, akijipigia mwenyewe. Huinua ya kushoto, hukohoa kidogo, husema, "Halo, unanisikia? Moja, mbili, tatu," huku ya kulia ameibana sikioni, asikilize sauti yake ikirudi. Vidole vyake virefu hugonga meza kupima sauti imechelewa kiasi gani. Chai hupoa. Fundi aliwahi kumweleza Athanasie kwamba ameandika programu ya kupigia simu kwa intaneti, akaiacha wazi, yeyote aichukue bure atengenezee yake. Watu wa nchi asizozijua wanaongea na mama zao kwa kazi ya mikono yake, lakini humwandikia tu siku sauti inapokatika.

Leo Athanasie ameweka chupa ya chai chini, akachukua simu ya kulia bila kuomba, akatoka nayo hadi kwenye ngazi. Sauti ikaja: "Halo, unanisikia? Moja, mbili, tatu."

"Nakusikia vizuri, kaka. Iko sawa kabisa. Umeamkaje leo?"

 Kwenye simu Athanasie akasikia vidole bado vinagonga meza, kisha vikaacha. Akangoja. Kule ndani fundi akakohoa kidogo.

"Moja," akasema polepole, "mbili, tatu."