Difu ya Mzigo, Gia ya Tano

Baba yetu alipofariki alituachia, mimi binti yake na kaka yangu, shamba la viazi nje kidogo ya Nyololo na pikapu ya bluu iliyokuwapo nyumbani kabla mimi sijazaliwa. Shamba tuligawana bila maneno mengi. Pikapu haigawanyiki. Kaka anaishi Mbeya, ana duka la vifaa vya ujenzi, na shughuli zake zote ziko kwenye lami. Mimi nalima viazi vya mbegu, na barabara yangu inaanza pale lami inapoishia. Tukakubaliana kwamba wakati wa mavuno gari liwe kwangu, miezi mingine liwe kwake.

Gari lilikuwa na nguvu za ajabu, lakini lilikuwa halikimbii. Ukifika barabara kuu ukaweka gia ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, injini inalia kama inaomba msaada, na bado malori ya mbao kutoka Mafinga yanakupigia honi kwa nyuma. Baba hakujali. Alikuwa akisema hana miadi na mtu. Kaka alijali sana, kwa sababu Mbeya hadi Nyololo kwa mwendo ule ni siku nzima, na masikio yanabaki yanavuma hadi kesho yake.

Jumamosi moja akaja na difu nyingine, aliyoipata Mbalizi kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Difu ni ule moyo wa ekseli ya nyuma, mahali gia ndogo inaposukuma gia kubwa na magurudumu yanazunguka. Difu ya baba ilikuwa ya mzigo: injini inazunguka sana ili gurudumu lizunguke kidogo, lakini kwa nguvu. Hii ya kaka ilikuwa ya mbio. Nilimkuta gereji Mafinga, fundi wetu tayari yuko chini ya gari.

Nikamwambia, "Kaka, hii itakimbia huko kwako, ila shambani kwangu haitapanda."

"Mdogo wangu, hujaijaribu."

Hapo alisema kweli, sikuwa nimeijaribu. Sikubishana. Nilimwambia fundi tu kwamba ile difu ya zamani asiiguse wala asimpe mtu, aniwekee.

Mavuno yalipofika, mvua nayo ilikuwa bado haijakata. Shamba langu liko bondeni, na kutoka bondeni hadi barabarani ni mlima mmoja mkali wa udongo mwekundu. Zamani gia ya kwanza ilikuwa inaupanda ule mlima polepole, gunia juu ya gunia, mguu wangu ukiwa mbali na klachi. Safari hii nilifika katikati gari likaanza kukata tamaa. Nikalazimika kukanyaga mafuta na kuishikilia klachi nusu, na baada ya muda mfupi nikasikia harufu ya kuungua. Kisha gari likasimama kabisa. Wanawake wa usharika wetu wa kanisa waliokuwa wamekuja kunisaidia kuvuna wakawahi kuweka mawe nyuma ya matairi, wakashusha magunia, wakaanza kuyagawa kwenye ndoo na kupandisha viazi kichwani. Mama yangu, kwa umri wake ule, naye akachukua ndoo.

Alipofika juu akaitua, akasema bila kunitazama, "Gari la baba yenu halijawahi kunishusha nitembee."

Nilimpigia kaka nikamweleza. Akasema, "Umeiua klachi."

"Klachi imekufa ikifanya kazi ya difu."

"Kwa hiyo turudishe ile ya zamani, malori yaendelee kutuzomea?"

Hilo nalo lilikuwa swali la haki. Wiki zile tulitumiana sauti nyingi za simu, za kwake ndefu, za kwangu fupi, na mama akawa anazisikiliza zote kwa sababu nazifungulia jikoni. Kila mmoja alikuwa anatetea maisha yake. Difu ya mbio maana yake gari ni la Mbeya, difu ya mzigo maana yake gari ni la Nyololo.

Jawabu nililipata gereji Mafinga, nimekaa juu ya rundo la mbao, fundi akibadilisha klachi. Niliitazama giaboksi aliyoishusha, nikaona kwamba mimi na kaka tulikuwa tunagombania mkia wa gari wakati tatizo liko katikati. Gia nne hazitoshi. Nikamuuliza fundi kama giaboksi ya gia tano, ya aina ile ile ya gari, inaingia.

"Kwenye injini inaingia," akasema. "Ila ni ndefu. Propela, hiyo shafti inayokwenda kwenye difu, itabidi ikatwe, na pale giaboksi inapokaa pahamishwe."

"Ikikatwa itatetemeka?"

"Ikikatwa vibaya itatetemeka. Tutaipeleka kwenye mashine ya kuchongea chuma." Akafikiri kidogo. "Sijawahi kufanya hii, lakini inafanyika."

Nikatoa simu, nikapiga hesabu. Gia ya tano inazungusha propela kwa kasi zaidi kuliko injini yenyewe. Ukiweka hiyo pamoja na difu ya mzigo, mwendo wa barabarani unakaribia kabisa ule wa difu ya kaka na gia ya nne. Na gia ya kwanza inabaki ya mlima wangu. Nilirudia hesabu mara mbili, si kwa wasiwasi, ila kwa raha.

Mbalizi tulikwenda pamoja na kaka. Muuzaji akatutolea giaboksi iliyooshwa ikang'aa. Nikamwomba anifungulie kizibo cha oili, nikaingiza kidole. Kikatoka na vumbi la chuma linalometameta.

"Mama, hiyo ni nzima kabisa," muuzaji akaniambia.

"Hii imekula meno yake. Nionyeshe nyingine."

Ya pili ilikuwa chafu, haijaoshwa, na oili yake ilikuwa nyeusi tu, haina chuma. Niliingiza gia moja moja huku kaka akizungusha kwa mkono. Tano ilipoingia, upande wa pili ukazunguka zaidi ya mkono wake, taratibu, bila kukwama. Nikasema tunachukua hii.

Fundi akairudisha ile difu ya mzigo aliyoniwekea, lakini kuifunga giaboksi kulileta mambo yake. Kigiya, ule mkono wa kubadilishia gia, kilitokea nyuma zaidi ya mahali pa zamani, kikawa kinagusa kiti. Fundi akakata sakafu, akakikunja kidogo, na hata hivyo kila ukiweka gia ya nne lazima mama, anayekaa katikati, asogeze goti. Amezoea. Siku hizi anasogeza kabla dereva hajakanyaga klachi.

Mlima wa bondeni niliujaribu kwanza mwenyewe, gari limejaa. Gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, tukafika juu gari halijakohoa. Wiki iliyofuata tukapeleka mbegu Mbeya, kaka kwenye usukani, mama katikati, mimi dirishani. Tulipoipita Igawa na barabara ikanyooka kwenye tambarare ya Usangu, kaka akaweka tano. Injini ikatulia. Kwa mara ya kwanza katika lile gari tuliongea bila kupaza sauti. Mbele kidogo tulisimama kupisha ng'ombe wavuke, kisha akaanza tena kupandisha gia moja moja, hadi tano, na nikaona anazipenda.

Mlima Nyoka aliupanda kwa gia ya tatu. Alipofika juu akasema, "Ulipiga hesabu vizuri."

"Najua," nikasema.

Mama akacheka.

Jioni ile, tukishusha mizigo dukani kwake, kaka akaniambia nikae na gari mwaka mzima, yeye atatumia gari lake dogo. Nilikataa. Nilimwambia kwamba ningetaka gari la Nyololo peke yake ningerudisha difu ya zamani tu, bila gia ya tano, nikanyamaza. Nilichagua hivi ili liwe letu wote.

Basi ndivyo tunavyoishi nalo. Mavuno yakiisha nalipeleka hadi Makambako, kaka anakuja na basi kutoka Mbeya, tunakunywa chai pale stendi. Analizunguka, anapiga teke tairi moja moja, ananiuliza kama nimebadilisha oili ya difu. Namwambia ndiyo, naye analala chini kuangalia.