Watu Saba wa Nyumba ya Mama

Mama yangu amepata kuidanganya serikali mara moja tu, na uongo wenyewe ulikuwa sisi wanawe.

Kijijini kwetu, karibu na Kimamba, mama mwenye watoto hai akiulizwa anaishi na nani, hajibu "peke yangu". Huko ni kuwachuria wanawe kifo. Kwa hiyo karani alipopita kuandikisha wazee wa kutibiwa bure, mama alitaja watu saba: mimi ninayepika kwenye mgahawa wa madereva Mikumi, kaka zangu wawili walioko Dar, dada aliyeolewa, na wajukuu watatu waliokwishahama. Karani akaandika kwamba nyumba ina nguvu kazi, mzee ana watunzaji. Jina lake likakatwa. Hakuchungulia hata chumba kimoja aone vitanda visivyo na magodoro.

Tulipokuwa saba kweli, hatukuhisi gharama ya ugonjwa wake. Mmoja alimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, mwingine alibaki akipika. Sasa bodaboda anamtoza kwenda na kurudi, na dawa za presha ananunua mwenyewe. Nilipojua kwamba anameza kidonge leo halafu anaruka siku mbili, nilipandwa na hasira mpaka nikaunguza wali wa watu.

Nikawapigia kaka zangu. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayefuatilia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wetu sote. Nikawatukana, nikakata simu, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, na nilikuwa sijakanyaga kwake tangu mavuno.

Nikaenda, nikampeleka ofisi ya kijiji kuomba jina lake lirudishwe. Mtendaji, kijana mdogo tu, akamwamkia vizuri, kisha akataka aseme kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi wawili, anaishi na nani. Mama akaanza kufunga upya ncha ya kanga yake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mtu mzima mimi, namkanyaga mama yangu.

"Naishi peke yangu," akasema, macho ukutani.

Mtendaji akanitazama. "Na huyu, bibi, si mwanao?"

"Huyu ni mgeni," akasema mama. "Anaondoka na basi la saa nane."

Na kweli, tiketi nilikuwa nayo.