Nilivyomwandika Mhunzi Garissa

Niliondoka Rabai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: kazi. Serikali ilitaka makarani wa muda wa kuandikisha watu Garissa, na kwa kuwa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, vilikuwa vimechacha, wenye elimu ya kunizidi walikataa kwenda. Mimi nilikuwa na darasa la nane, mwandiko mzuri na miaka ishirini. Sababu ya pili huenda mkaicheka. Jina langu ni Stefano Clark.

Ninyi wa nyumbani mnajua majina yetu yalivyokuja. Babu wa babu yangu alikombolewa utumwani, akabatizwa hapa Rabai, na jina la Kiingereza likaandikwa kando ya lake. Maana yake hatukuijua mpaka mwalimu wetu mmoja mzee aliponieleza. Zamani, alisema, Mwingereza alikuwa na jina moja tu. Akina John walipozidi kijijini, wakatenganishwa kwa kazi zao. Wa tanuru la chuma akaitwa Smith, wa kinu akaitwa Miller, na yule ajuaye kusoma na kuandika, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa kanisa, akaitwa Clark, yaani karani. Watoza kodi walipopita na madaftari, majina yakaganda. Mtoto wa Miller akabaki Miller hata kama hajawahi kushika kinu.

Hayo ya watoza kodi yalinipita. Lililonikaa ni kwamba sisi tu makarani, na katika ukoo mzima hapajawahi kuwa na karani. Babu alilima, baba ni mgema. Nikajiambia mimi ndiye nitakayelirudisha jina kazini kwake. Siku niliyopata barua ya kazi niliimba njia nzima mpaka Mazeras.

Malindi nililala kwa shangazi, aliyenifungia mikate ya mofa na kunitazama kama mtu anayeaga maiti.

Garsen tulingoja siku nzima. Magari hayakuruhusiwa kwenda peke yake. Yalikusanywa yakawa msafara, askari mbele na askari nyuma. Dereva wetu, Mpokomo mnene aliyebeba vitunguu, alinipa masharti yake.

"Ukisikia mlio, lala chini. Usiulize ni nini."

"Na kama ni tairi tu?"

"Basi utakuwa umelala bure. Kuna hasara gani?"

Baada ya Hola niliacha kuchungulia nje. Kando ya barabara palikuwa na lori lililoungua, na mbele kidogo ngamia waliokufa, si mmoja wala wawili, wamevimba miguu ikiwa juu. Dereva alifunga pua kwa kitambaa, na hakutania tena.

Garissa tulifika jioni ya siku ya nne. Darajani tulishushwa wote, tukapekuliwa mpaka ndani ya vitunguu. Asubuhi nikapewa kalamu, chupa ya wino na daftari refu, nikapakiwa kwenye lori la maji hadi kijiji kimoja nje ya mji. Nasema kijiji kwa sababu ndivyo kilivyoitwa. Palikuwa na ua wa miiba, nje yake waya, na ndani familia za wafugaji zilizoletwa kutoka porini kwa amri, vibanda vyao vya mikeka vimebanana. Mifugo mingi ilikuwa imepigwa risasi au imechukuliwa. Watu walikaa wakitazama nje ya waya, mahali ambapo wanyama wangekuwa.

Mkubwa wangu, Bwana Musyoka, mtu wa Kitui, alinionyesha daftari. Lilikuwa na safu nne: jina, baba, babu, na jina la mwisho.

"Hawa hawana jina la mwisho," nikasema.

"Wana koo, na koo amri inakataza kuandika. Lakini nina Mohamed Abdi saba hapa. Tafuta la kujaza. Mimi sitaki safu tupu."

Enyi ndugu, nilifurahi. Nikawaza, hivi ndivyo Waingereza walivyoanza. Nitawaandika kwa kazi zao.

Foleni ilipoelewa, ikachangamka. Mmoja akawa mchunga ngamia, mwingine mchota maji. Mzee mmoja wa ndevu nyekundu kwa hina akasema, "Ngamia yangu imekwisha. Mimi andika mlala kivulini." Watu wakacheka, nami nikaandika hivyo hivyo: Mlala Kivulini. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia mahali pale, na nilijiona nimeleta kitu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaja Nur Abdi Yusuf, mzee mwembamba mwenye makovu ya cheche mikononi, pamoja na binti yake Habiba. Kabla sijauliza, kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Huyo ni tumal," na wenzake wakacheka. Kicheko hiki hakikuwa kile cha kwanza. Niliuliza tumal ni nini.

"Ni wahunzi wa kwetu," Habiba akasema. "Wengine wananunua kisu kwetu, lakini hawaoi kwetu."

"Andika mchunga mbuzi," mzee akasema.

"Lakini adeer," nikasema, nikimwita ami kwa lugha yao, "wewe ni mhunzi."

"Mimi iko mbuzi. Ilikuwa tano. Andika mbuzi."

"Usione haya," nikamwambia. "Kwa Waingereza jina la mhunzi ndilo lililojaa kuliko yote. Mabwana wakubwa wanaitwa Smith, wala hakuna anayewacheka."

"Hapa si kwa Waingereza, walal, ndugu yangu," Habiba akasema. "Baba anakwambia mbuzi."

Mzee aliinama karibu na meza. "Kijana, nyundo yangu imebaki Kotile. Mvukuto imechomwa. Mhunzi bila nyundo ni nani? Wacha hiyo."

Niliona aibu yake tu. Hofu yake sikuiona. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na kwa uchungu ule nikaandika, kwa mwandiko uliopendeza kuliko wote wa siku ile: Mhunzi. Nikalipigia mstari chini.

Siku ya tisa gari la askari lilishambuliwa karibu na mto, na wawili wakafa. Kichakani palipatikana bunduki ya zamani iliyoungwa kwa chuma cha kufuliwa kwa mkono. Saa sita mchana sajini alikuja nayo, akaiweka mezani pangu, akaomba daftari. Alishusha kidole kwenye safu ya nne. Mchunga, mchunga, mchota maji, mchunga. Kidole kikasimama. Mstari wangu ulimrahisishia kazi.

Walimkuta Nur akimtoa mtoto wa jirani mwiba mguuni, kwa kibanio kidogo alichokifua mwenyewe. Kibanio nacho wakakichukua.

Habiba alikuja mezani. Hakulia.

"Alikwambia mbuzi."

"Ndiyo."

"Basi nenda uwaambie."

Kesho yake asubuhi nilirudi Garissa na lori la maji. Bwana Musyoka alinikataza, kisha akaniandikia cheti cha kuingilia getini kwenye kambi ya askari, walikompeleka mzee. Nilisimama juani mpaka saa nane, ndipo afisa akaniita.

"Wewe ndiye karani Clark? Jina la mzungu hilo."

"Ndiyo, afande."

"Unasema mtu huyu si mhunzi."

Jibu lilikuwa limefika ulimini: yeye mwenyewe alisema aandikwe mchunga mbuzi. Kisha nikasikia litakavyosikika chumbani mle. Kwamba alitaka kujificha. Ukweli wenyewe ungemmaliza.

"Nilitunga, afande. Safu ilikuwa tupu, nikajaza."

"Ulitunga kazi ya mtu katika daftari la serikali?"

"Si yeye tu. Kuna mmoja nimemwandika Mlala Kivulini."

Akafunua kurasa, akaona. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama uchafu kwenye kiatu chake.

"Toka. Kazi huna."

"Na yule mzee, afande?"

"Nimesema toka."

Nilikaa siku tatu kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, nikitazama lile geti. Mwarabu alinipa chai. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, Nur alitoka. Alitembea polepole, mkono wa kulia umefungwa kwa kilemba chake mwenyewe. Nilipomsaidia kupanda lori la maji niliona vidole. Havikujikunja.

Tulienda mpaka mji ukapotea nyuma yetu.

"Adeer, nisamehe," nikasema.

"Una kalamu?"

"Daftari wamelichukua."

"Karatasi yoyote. Andika sasa mchunga mbuzi. Sasa ni kweli, hii mkono haishiki nyundo." Alitazama vidole vyake. "Mbuzi yenyewe walipiga risasi zote. Lakini andika."

Nilikuwa na ile barua yangu ya kazi. Nikaandika mgongoni mwa barua, lori likinirusha: Nur Abdi Yusuf, mchunga mbuzi. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Ndipo akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaitia kifuani.

Habiba alikuwa anangoja kwenye waya. Alimshika baba yake, mimi hakunitazama. Nilichukua sanduku langu nikarudi na lori lile lile.

Njia ya kurudi sina mengi ya kusimulia. Lile lori lililoungua lilikuwa pale pale. Kutoka Mazeras kwenda Rabai nilitembea bila wimbo.

Rabai, Jumapili iliyofuata, baba aliwaambia watu kanisani, "Huyu hapa karani wetu." Ibada ilipokwisha nikaomba kuona kitabu cha ubatizo. Jina la babu wa babu yangu lilikuwepo: Mabruki. Na mbele yake, kwa wino ule ule na mwandiko wa haraka ule ule, Clark. Juu yake palikuwa na Mason, yaani mwashi, chini yake Taylor, yaani mshonaji. Mtu fulani alikuwa na safu ya kujaza. Nilitafuta mahali palipoandikwa yeye mwenyewe alitaka aitwe nani. Kitabu hakikuwa na safu hiyo.

Siku hizi naandikia watu barua pale stesheni ya Mazeras. Nimejifunza jambo moja tu, na kwa bei aliyoilipa mtu mwingine. Mtu akisema andika hivi, naandika hivyo hivyo, hata nikiona mimi najua neno zuri zaidi. Kisha namsomea, mara mbili, na hapo ndipo naikunja barua.