Mdundiko Ulioishiwa Nyumba

Sisi tuliokulia Vihingo kabla ya kuhamishwa tunajuana kwa jambo moja: hakuna asiyewahi kupotea akifuata mdundiko. Ile haikuwa ngoma ya kusimama uwanjani. Ilitembea nyumba hadi nyumba, na kila mlango ilipopita mwenye nyumba alitoka akawatunza wapigaji kanga au kikapu cha korosho, kisha naye akaunga msafara. Mama zetu waliacha mboga jikoni ikaungua. Sisi watoto tulifuata pekupeku, vumbi hadi kwenye nyusi, na tulipozinduka tulijikuta kwenye nyua za watu tusiowajua, tunalia. Mama alikuwa akinionya, "Huo mdundiko una mwenyewe. Ukipotea, usilitaje jina langu." Nilimwitikia vizuri na nikapotea vilevile.

Mwenyewe alikuwa Bi Mwamvua. Alirithi mikorosho na minazi ya baba yake, na karibu yote aliyovuna aliyamaliza kwa watu. Nyumba yake ya bati haikukaukiwa wageni. Walikuja kwa lori kutoka Mlandizi na Dar, wanawake wa mjini visigino vyao vikizama mchangani, nasi tukicheka nyuma ya ua wa makuti. Alikuwa na maringo, tena hakuyaficha, na kusema watu alijua. Lakini wapiga ngoma aliwalea. Ngozi za kuwambia alinunua yeye, na mvua ikikataa walikula kwake. Siku ya shughuli tuliamshwa na harufu ya makuti yakiwaka, ngoma zikioteshwa moto ili ngozi zikaze, na harufu ya pilau juu yake. Bi Mwamvua alikaa kitini, bangili za dhahabu hadi karibu na kiwiko, akisikiliza kila ngoma. "Hiyo bado inakohoa," alisema. "Irudisheni motoni."

Mimi alinipenda kwa sababu nilipotea mbali kuliko wenzangu. Siku moja alimwambia mama, "Huyu akitolewa mwali, mdundiko wake hautaruka mlango hata mmoja." Ahadi ile ikawa ndiyo maisha yangu. Niliipanga milango yote kichwani: kwa shangazi, kwa fundi cherehani, kwa yule bibi mkali mwenye mapera.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, na kabla sijatolewa ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilipandishwa lori nimefunikwa kanga gubigubi, maana mwali haonekani, kwa hiyo hata kuiaga Vihingo kwa macho sikuiaga. Wenzetu wengine walipelekwa vijiji vingine, shangazi yangu akiwa mmoja wao. Kwenye kijiji kipya nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara. Bi Mwamvua alipewa kiwanja sawa na watu wote. Alikandika udongo mwenyewe, bangili zikiwa mkononi.

Siku yangu ilipofika mdundiko ulianzia nyumba ya kwanza. Majirani wengi walikuwa wageni kwetu. Walichungulia, wengine wakapiga makofi kwa adabu, wakarudi ndani. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, nyumba zikaisha. Mbele yetu palibaki shamba la kijiji tu.

Mzee Kibwana, manju wetu aliyeongoza ngoma, akashusha mikono. "Bi mkubwa, tumefika mwisho."

"Mwisho wa nini?" Bi Mwamvua akamjibu. "Wimbo bado."

Akatangulia yeye, akakata kushoto kwenye njia ya kwetu kwa zamani, nasi tukafuata.

Huko Vihingo mabati yalikuwa yameng'olewa, kuta zimenyeshewa zikaanza kuporomoka, nyasi zimeota vizingitini. Mdundiko ulipita mlango kwa mlango, na hapakuwa na wa kutoka. Basi yeye akawa anatoka kwa niaba yao. Kwa shangazi alilitaja jina la shangazi na kutunza kanga. Kwa fundi cherehani akatunza nyingine. Kanga zilipomwishia akaanza kuvua bangili. Tulipofika kwenye nyumba yake mwenyewe hakuwa na kitu. Alisimama mlangoni mikono mitupu, akamtazama Mzee Kibwana, akasema, "Basi." Mwali haruhusiwi kuinua uso, lakini niliinua, nikalia kwa sauti.

Hakuandaa shughuli tena. Ngoma zililiwa na mchwa ghalani, naye akafa kimya, mazishini tukiwa watu wachache wa mstari ule. Ahadi yangu aliitimiza, na tangu siku ile sijawahi kuifurahia ngoma yoyote. Nawaambia kweli wenzangu wa rika langu, mimi nimekata tamaa.

Sasa naishi mtaa wa Picha ya Ndege, kila nyumba ina ukuta na geti. Vijana wetu wanacheza ngoma simu zikiwa mkononi, wanajipiga picha kwanza ndipo wakumbuke kukata kiuno. Jumamosi iliyopita jirani alimtoa binti yake. Mdundiko ulikuja juu ya gari, ndani ya spika. Mjukuu wangu akaniomba ruhusa ya kuufuata, na moyo wangu ukashtuka kwa furaha. Nikamwambia, "Nenda, mama. Hata ukipotea, usiogope."

Nikamimina chai, nikakaa barazani kumngojea. Mara nikamwona anarudi, hata viatu havijashika vumbi.

"Umeacha nini?" nikamuuliza.

"Sijaacha kitu, bibi. Wameshafika."

Chai yangu ilikuwa bado ya moto.