Mtamba Aliyechaguliwa na Baba

Mama alipochagua nguruwe wa kubakiza azae, hakuangalia unene. Aliinama bandani, akampapasa tumboni mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, akihesabu chuchu. Kisha alitaka kujua jambo moja: mama wa huyu alizaa wangapi, na wangapi walifika kuachishwa ziwa? Mtamba wa uzao mkubwa mara nyingi huwa mdogo, maana maziwa waligawana wengi. Mama hakujali udogo. Miaka nenda miaka rudi alibakiza mabinti wa majike waliozaa sana, hadi majirani zetu wa Old Moshi wakawa wanakuja kwake kuomba mbegu.

Baba alikuwa mtu wa kahawa na mahindi. Kwa mbegu alichagua hindi nene kuliko yote, akalitundika jikoni likauke kwa moshi. Namna nyingine ya kuchagua hakuijua, na haki ya Mungu mahindi yake yalikuwa mazuri.

Desemba moja mama mdogo alijifungua kule Marangu, mama akaenda kumhudumia. Bandani aliacha mitamba wawili. Mkubwa aling'aa kwa machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini kwao walizaliwa watatu tu. Huyo ndiye wa kuchinjwa Krismasi. Mdogo alikuwa wa mwisho wa ule ukoo wa mama uliozaa sana, kwa sababu jike mzee alikuwa ameshakufa. Mama hakuacha maagizo. Kwake jambo lilikuwa wazi mno.

Kaka zangu wakapanda kutoka Dar na wakwe zao. Mimi nilitoka Njoro, kule mjini, asubuhi, nikafika nyama imeshapangwa juu ya majani ya mgomba.

"Shikamoo baba. Umechinja yupi?"

"Marahaba. Yule mdogo. Yule mzuri nimemwekea mama yako."

Jamani, na simu anayo mfukoni! Hata kuuliza? Nilikasirika hadi nikawapita wageni bila salamu.

Mama aliporudi jioni, baba hakumpa nafasi hata ya kutua kikapu. Alimshika mkono hadi bandani. "Nyama haikutosha, nimeona aibu mbele ya wakwe," akamwambia, "lakini huyu sikumgusa. Ni wako."

Mama alimtazama yule nguruwe muda mrefu.

"Asante, baba watoto," akasema. "Umenichagulia vizuri."

Yule mtamba alizaa wachache, wanene, na baba akawa anaita wapita njia waje waone. Majirani wakaacha kuja kuomba mbegu. Siku moja tukimenya ndizi nikamuuliza mama kwa nini hamwambii baba ukweli.

"Nimwambie ili iweje? Aliyechinjwa harudi. Na yeye ataogopa kunifanyia jambo tena."

Mama ametutoka sasa. Mimi nafuga hawa wa kisasa wa kununua, wanazaa hadi watoto wanapita idadi ya chuchu za mama yao, nami nakaa na chupa ya maziwa nikiwanyonyesha waliokosa ziwa huku nikimkumbuka mama yangu hadi machozi yananitoka. Yeye angejua nani wa kubakiza.

Krismasi iliyopita baba alikuja akakaa karibu nami bandani. Kisha akauliza, "Hivi yule nguruwe niliyemwekea mama yako, alimpenda kweli?"

"Alimpenda sana, baba," nikasema.